Fomu Iliyosahau Wazee

"Majina yangu yamekwenda wapi?" aliuliza bibi mmoja wa kisiwa cha Tumbatu, mbele ya karani katika ofisi ya vyeti vya kuzaliwa.

Alikuwa akiomba cheti cha kuzaliwa, awahi paspoti ya kwenda Hija. Alishamtajia karani wazee wake wote, macho kayafumba, polepole kama aotaye. Karani akafungua ukurasa mwengine kwenye kompyuta kutazama jina la shehia, mtaa anakoishi bibi. Aliporudi, fomu ilikuwa tupu, nyeupe pe.

"Bi mkubwa, tuanze tena."

"Mwanangu, nshakwambia. Mashine yako haina masikio?"

Akafumba macho, akawaita wazee wake upya, kwa sauti laini iliyowatuliza wenzangu kwenye foleni. Mimi nilichemka. Kompyuta huweza kuhifadhi yaliyoandikwa, ikielekezwa. Wewe uliyetengeneza fomu ile, tafadhali ielekeze.