Karibu Isiyo na Hodi

Dada yangu tunamwita Wino, kwa sababu vidole vyake havitakati. Ni fundi wa maabara, na kazi yake ni kuhesabu seli zilizo hai na zilizokufa. Anachukua tone lenye seli, analitia rangi ya buluu, kisha anainamia hadubini. Iliyo hai inabaki nyeupe katikati ya buluu yote ile. Iliyokufa inageuka buluu mpaka ndani.

Siku aliponionyesha, nilisema basi rangi ndiyo inayoua. Akanicheka.

"Rangi inabisha hodi tu, tena kwa wote," alisema. "Seli imezungukwa na utando, tabaka mbili za mafuta zilizobanana. Na utando una milango. Sukari ina mlango wake, maji yana wake, chumvi ikizidi inasukumwa nje. Kuishi ndiko huko, mdogo wangu, kuchagua nani apite. Ukishakufa huna uwezo wa kumkatalia mtu."

Nikamtania kwamba mama yetu, kwa jinsi alivyokula chumvi nyingi, angehitaji milango ya ziada. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mama wa wakati huo alikuwa hana dogo. Mlango wake ulikuwa na makomeo mawili, na wachuuzi wa mtaani waliujua ulimi wake.

Kisha ugonjwa wa kusahau ukamwingia. Alisahau jiko, akasahau majina yetu, mwishowe akasahau kukataa. Tulikuwa tunarudi kazini tunamkuta muuza magodoro jikoni, anakunywa chai. Mara nyingine mtu tusiyemjua amelala kwenye kochi na viatu vyake.

Hao tuliwatoa. Walionitisha ni wale wasiobisha. Tumekaa sebuleni mchana kweupe, mama anaweka chini shati analolitia kifungo, anatazama mlangoni. "Karibu. Pita ndani," anasema, halafu anasogea ili mgeni apate nafasi. Sitasema niliona mto wa kochi ukibonyea. Ninachosema ni kwamba upande ule sikukaa tena.

Wino ndiye aliyeumia zaidi. Alikonda. Nilimkuta jikoni analia, nikamuuliza kulikoni.

"Nimempa chai ya chumvi," alisema. "Makusudi. Nilitaka aiteme, anitukane. Ameinywa yote, akanishukuru."

Nilikasirika. "Mama si tone lako la maabara."

"Najua. Lakini kazini naona kila siku kisichoweza kukataa kimekwisha kuwa nini. Nataka akatae kitu kimoja tu, nijue bado yumo."

Hasira zikaniisha. Tangu hapo na mimi nikawa nasubiri.

Jumamosi moja alasiri nilikuwa nakunja nguo, Wino anaosha vyombo. Mama alikuwa amesimama mlangoni, mlango wazi, anasikiliza kwa makini kama mtu anayepewa ujumbe.

"Hapana," akasema.

Ilikuwa sauti yake ya zamani. Nguo zilinidondoka.

"Nimesema hapana. Rudi ulikotoka." Akaubamiza mlango, akatia makomeo yote mawili.

Nilichungulia dirishani. Uani hapakuwa na mtu, na geti lilikuwa na kufuli lake. Wino alikuja mbio, mapovu mikononi, anacheka na machozi yanamtoka.

"Mama, umekataa," alisema, akimkumbatia. "Umemkatalia nani?"

"Simjui. Wenzake wote nawapisha, maana wanakuja kwangu." Mama alimtazama usoni, akamfuta povu shavuni. "Huyu alikuwa anakuulizia wewe, mwanangu."

Wino aliacha kucheka.

"Ukamwambia nini?"

"Nimemwambia humu hayumo. Nimemtolea nje." Mama akarudi kwenye kochi, akalichukua shati lake. "Akija kuniulizia mimi, nitamfungulia. Nimechoka, na yeye ana adabu."

Wino alikaa sakafuni, akaegemeza mgongo kwenye mlango, akabaki hapo mpaka nikawasha taa.