Maji ya Zamu ya Jirani

Leo hapa mjini, Lemara, jirani amemwagia maji vumbi la uani, na ile harufu ikanirudisha kwetu mlimani, kwenye mfereji wa zamu, ambao kila shamba lilikuwa na siku yake ya maji. Shule sikufika mbali, sioni haya kusema, lakini Biblia nilimsomea mama kila asubuhi, maana yeye hakujua kusoma. Sheria yake ilikuwa haturuki ukurasa, na kilichosomwa kifanyike siku hiyohiyo.

Basi Jumapili moja ya mavuno mama amevaa gauni la mitumba, na mitumba yenyewe ndiyo kwanza imeruhusiwa kuingia nchini, mkungu wa ndizi wa sadaka uko mlangoni. Nikafika pale panaposema uiache sadaka, ukapatane kwanza na uliyemkosea. Nikasita. Wiki ile mama alikuwa amefungulia maji shambani kwetu kwenye zamu ya jirani yetu wa kule mlimani, na jembe nililibeba mimi.

"Soma tena," akasema. Nikasoma. Akauacha mkungu, tukaenda.

"Shikamoo," nikamwamkia jirani.

"Marahaba. Leo mmepotea njia ya kanisani?"

"Dada, maji yako niliyachukua mimi," mama akasema.

"Nilijua. Maharage yako yameshiba, yangu yananitazama tu."

"Zamu yangu ya kesho ni yako."

"Na jua hili? Yako yakikauka?"

"Yakauke."

Kesho yake maji yalipita kando ya shamba letu kwenda kwa jirani, udongo wetu umeanza kupasuka, mama amesimama na jembe begani. Hakugusa hata tope lililoziba njia ya maji ya kuingia kwetu.