Dadangu na Somo la Joto

Mimi na dadangu tuliingia chuo kimoja, mwaka mmoja, kozi moja ya uhandisi wa mitambo. Yeye alimaliza shule kabla yangu, ila ilibidi aningoje. Ami yetu, aliyetulea pamoja na mamangu baada ya babangu kufariki, hakutaka binti mmoja atembee peke yake kila siku kutoka Mji wa Kale hadi karibu na mtaa wa Buxton. Tukawa tunatoka pamoja asubuhi, mabuibui yetu yakishika vumbi, nyumba za zamani za Buxton zikiwa bado hazijabomolewa.

Muhula wa kwanza tulisoma mekanika: mwendo, kani, msuguano. Mimi nilikuwa nikikariri. Dadangu hakukariri kitu. Akiona mkokoteni wa maji umekwama njiani, husimama kutazama mpaka nimvute mkono.

"Mtazame mwenye mkokoteni anavyosukuma," aliniambia siku moja. "Anasukuma kuelekea chini. Nusu ya nguvu zake inaingia kwenye lami."

"Twende, tutachelewa."

"Maskini, na jua hili."

Mwalimu wetu alikuwa mzee wa kutoka bara, mpole, mwenye sauti ya kanisani. Tulipoanza somo la joto alitutaka tupime kiasi cha joto kinachohitajika kuyeyusha barafu. Friji ya maabara ilikuwa imekufa, kwa hiyo barafu ililetwa kutoka soko la samaki, imefungwa kwenye gunia. Jibu tulilopata mimi na dadangu lilikuwa dogo mno, mbali kabisa na lile la kitabuni. Meza nyingine zote zilipata jibu la kitabu. Nikamnong'oneza tulirekebishe kidogo. Akakataa.

Mwalimu alipita akisoma majibu, akasimama kwetu. "Hili mmelitoa wapi?"

"Kwenye barafu, Mwalimu," dadangu akasema. "Ilikuwa imeshaanza kuyeyuka kwenye gunia. Tulipoipima tulipima barafu na maji pamoja. Yale maji hayakuhitaji kuyeyushwa tena."

Mzee akawageukia wengine. "Nyinyi nyote barafu yenu ilitoka gunia lipi?"

Wakainamia madaftari yao. Tangu siku ile mwalimu alikuwa akimwita dadangu injinia, na dadangu akijifanya hasikii.

Likizo ilipokwisha, mamangu akapata kiharusi. Upande wa kulia ukalala. Ulimi ulirudi baada ya muda, mkono na mguu havikurudi. Jamaa walijitolea kusaidia na mimi pia nilijitolea, lakini mamangu alikuwa mwanamke wa haya, na hakukubali kuogeshwa na mtu yeyote ila dadangu. Mkono wangu aliusukuma kwa ule mmoja wake uliobaki. Kwa hiyo halikuwa jambo la kukaa kikao. Dadangu alisema tu, "Nitapumzika muhula huu. Wewe nenda, Ami nitamwomba mimi akuruhusu, ukirudi unifundishe."

Nikawa namfundisha. Nikirudi alasiri namkuta ameketi chini kando ya kitanda, naye ananiuliza kabla sijavua viatu: "Haya, leo mmesoma nini?" Namweleza nilichoelewa. Baada ya robo saa yeye ndiye anayenieleza mimi. Maswali yake yaliyonishinda niliyapeleka kwa mwalimu, naye alikuwa akicheka na kusema, "Mwambie arudi. Akija siku ya mtihani, nimeshamwombea ruhusa, ataufanya."

Kulikuwa na mchana mmoja wa joto kali, upepo umekufa kabisa, umeme ukienda na kurudi. Mamangu akasema, "Fungueni hiyo friji nipate baridi."

Dadangu akacheka. "Mama, friji haiumbi baridi. Inatoa joto ndani na kulitupa nyuma, na mota yake inaongeza joto lake. Tukiiacha wazi, chumba kitazidi kuwa moto."

Mamangu akafikiri. "Basi fungueni nusu."

Dadangu akainuka, akaufungua mlango wote, akamsogezea kitanda karibu. Mamangu akafumba macho, akasema Alhamdulillahi. Dadangu akanitazama kama anayenikataza kusema neno.

Asubuhi ya mtihani alikuwa ameshavaa. Jirani mmoja alikuwa amekubali kukaa na mamangu, na mamangu mwenyewe alikuwa amempa radhi aende. Tulikuwa tunakunywa chai tuliposikia kikombe kikianguka. Kiharusi cha pili.

Ngazi za nyumba yetu ni nyembamba na zimesimama wima, kama zilivyo nyingi mtaani kwetu. Tulimfunga mamangu kwenye kiti kwa leso zake za kuvaa, ashushwe apelekwe hospitali. Ami alikuwa amekishika kiti kwa juu, na mume wa jirani, mtu mwembamba, kwa chini. Dadangu akasema kwa sauti isiyotetemeka, "Ami, badilishaneni. Uzito utamlemea wa chini." Wakabadilishana, wakamshusha salama. Hapo mlangoni nikamwona dadangu akilia, ameushika ukuta.

"Nenda wewe," akaniambia.

"Siendi."

"Nenda. Mmoja wetu aende."

Nilikwenda. Sikumbuki nilichoandika, ila nilipita. Mamangu alifariki hospitalini wiki ileile.

Baada ya arubaini, dadangu alikwenda chuoni. Mzee alikuwa amestaafu, amerudi kwao bara, na aliyeshika nafasi yake alimwambia aanze upya mwaka wa kwanza. Akasema atafikiri. Alipokuwa akifikiri ikaja posa kutoka Malindi, ya mtu mwema, na ndivyo alivyo mpaka leo. Akaolewa.

Mimi nilimaliza. Ninafanya kazi kwenye kampuni ya kugandisha samaki, nikitunza mitambo ya baridi. Kazi naijua, lakini sikuwahi kuipenda kama alivyolipenda yeye lile somo, na kuna siku naona aibu nikiitwa injinia.

Mwaka huu nilimtembelea. Alikuwa akikuna nazi jikoni. Nikamwambia siku hizi kuna masomo ya jioni, watu wazima wanarudi, naweza kumwulizia. Hakuacha kukuna.

"Unajua," akasema, "nilipokuja huku, mwaka mzima nilikuwa nikiamka na maswali kichwani. Maji yakichemka, swali. Mlango ukijigonga, swali. Na sina wa kumwuliza. Kisha yakaacha kuja. Ilinichukua muda, mdogo wangu. Usinirudishe kule."

Tukazungumza habari za watoto wake, na chakula kilipoiva tukala.

Wiki iliyofuata mtambo mmoja kazini ulikuwa unazunguka lakini haugandishi. Nilikaa mbele yake tangu asubuhi mpaka adhuhuri nikitafuta sababu. Nilitoa simu mfukoni, nikalitafuta jina la dadangu, nikalitazama. Kisha nikairudisha simu mfukoni, nikaendelea kutafuta peke yangu.