Enesi Msiribaji na Kuta za Chapwa

Enesi aligonga ukuta wa chumba cha nne cha gesti kwa kifundo cha kidole, nao ukamjibu kama kibuyu kitupu. Akagonga chini kidogo, sauti ile ile. Akaketi kwenye kitanda kipya ambacho hata nailoni yake haijavuliwa.

Ilikuwa Ijumaa. Kesho yake wachungaji na wake zao wangefika kwa mkutano, na vichwa vyao vingelala chini ya udongo ule.

Kazi ya kusiriba, yaani kupaka ukuta udongo laini, Enesi aliirithi kwa mama yake, kule kijijini Itaka. Zamani nyumba ilikandikwa, kisha wanawake wakaisiriba kwa udongo wa kichuguu na samadi ya ng'ombe, ikakaa miaka. Halafu biashara zikafunguka, saruji ikafika hadi vijijini, na watu wakaanza kuona haya kuishi kwenye udongo. Kufikia mwaka 2008 Enesi alikuwa akiitwa kusiriba mafiga na mabanda ya kuku tu.

Ndipo akaja Mama Angel, mwenye gesti ya vyumba vinane pale Chapwa, mjini Tunduma. Mwezi wa sita kuta zake za tofali za saruji zilitoa jasho, wageni wakaamka shuka zimelowa.

"Nyumba ya bibi yangu ilikuwa na joto lake," alimwambia Enesi, akimtaka azisiribe kuta zile. "Ila samadi hapana, Mama Ruti. Mgeni atoke Lusaka na suti yake aje anuse zizi?"

Bila samadi udongo utashikwa na nini? Enesi alijaribu nyuma ya jiko lake kwa chokaa na nyasi kavu zilizokatwakatwa. Mvua zilipoanza zikauangusha mara tatu. Mara ya nne ukashika, akapiga magoti hapo hapo matopeni akamshukuru Mungu.

Chumba cha kwanza alikifanya kama alivyofunzwa. Siriba ya kwanza huachwa na makwaruzo ya vidole, ikauke, ipasuke itakavyo. Mama yake alikuwa akisema, ukuta uache umalize hasira zake ndipo uuvishe nguo. Siriba ya pili huingia kwenye zile nyufa na kung'ang'ania humo.

Siku ya tatu Mama Angel akachungulia. "Jamani! Huu ni ukuta au kisigino cha mkulima?"

Ombeni, fundi wa saruji aliyekuwa akipiga lipu barazani, akacheka mpaka mwiko ukamtoka. "Mama, hapa Tunduma bwana, si Itaka!"

Enesi aliogopa kurudishwa kwenye mabanda ya kuku. Basi vile vyumba saba vilivyobaki, siriba ya kwanza akailainisha kwa jiwe hadi ikateleza, na kabla haijapasuka akapaka ya pili juu yake. Mama Angel akasifu. Ila usiku Enesi hakuwa akilala vizuri.

Sasa, Ijumaa ile, alikuwa amejua: siriba haikushika. Akapita chumba hadi chumba akigonga. Cha kwanza kilikuwa kigumu kama mwamba. Vile saba vyote, kuta zililia kama kibuyu kitupu.

"Mama, tunyamaze," Ruti, binti yake aliyemsaidia kazi, alinong'ona. "Pengine udongo utashika."

"Ukimwangukia mtu usingizini, mwanangu?"

Alisali kwa maneno machache: Bwana, nitie nguvu. Kisha akaenda barazani.

"Mama Angel, kuta zako saba ni mbovu. Nimeziharibu mimi."

"Unasemaje? Kesho nina wageni!"

"Njoo uone."

Alichukua jembe, wakaingia chumba cha nne. Pigo la kwanza likaenda upande. La pili likapata. Kipande kikubwa kama mlango kilibanduka chote kwa pamoja, kikaangukia kichwani pa kitanda, ubao ukavunjika katikati.

Vumbi likatua juu ya mto.

Enesi akaenda chumba cha kwanza, akapiga kwa nguvu zile zile. Jembe likaruka, likaacha alama ndogo tu.

"Kile ulichokicheka ndicho hiki," alimwambia Mama Angel, akaogopa papo hapo kwamba amesema sana.

Mama Angel alirudi akautazama ubao uliovunjika, kisha akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Wachungaji nitawatafutia kwa majirani. Bomoa. Na nikija tena na mdomo wangu, nifungie mlango."

Wakabomoa siku nne. Siriba mpya ikapakwa, ikakwaruzwa, ikaachwa. Kila asubuhi Enesi aliingia vyumbani, na kila asubuhi nyufa zilikuwa zimeongezeka. Hakulainisha. Alikaa amekumbatia mikono yake mwenyewe ili isilifuate jiwe.

Siku ya sita baada ya kusiriba, Ombeni alisimama mlangoni, akagonga ukuta, nao ukalia mgumu. Akagonga tena, safari hii sikio akiwa amelibandika kabisa.

"Mama Ruti," alisema polepole, "huo udongo mnauchekecha kwa chekeche la matundu ya ukubwa gani?"

Enesi akamwonyesha. Akamwekea chekeche mkononi.