Mashimo ya Udongo ya Bi Swaumu
Bi Swaumu alikuwa akifyatua matofali Cheyo, Tabora, na kila msimu wa mvua mafuriko yaliingia mtaani kwao. Mwaka 1969, nyumba yake ilipobomoka, alimwendea Mzee Lukumani, balozi wa nyumba kumi.

“Mashimo ninamochimba udongo yako juu ya mtaa,” alimwambia. “Tukiyaunganisha, maji yatatua humo kabla ya kutufikia.”

“Mvua yote hiyo, mwanangu, itaenea humo?”

“Sijui, mzee. Tuchimbe tuone.”

Kiangazi kizima majirani walichimba kwa kujitolea, wakayaunganisha mashimo yakawa bwawa moja, wakaacha mfereji mdogo wa kuyatoa maji polepole.

Mwezi wa Desemba mvua kubwa ilinyesha tangu asubuhi hadi alasiri. Watu walisimama ukingoni wakiwa wamelowa. Maji mekundu yalishuka kwa kishindo, yakaingia bwawani, yakazunguka, yakatulia. Mferejini yalitoka kidogo kidogo, na chini kule mtaa ulikuwa salama.

Mzee Lukumani alivua kofia yake. Bi Swaumu alichutama, akatia kiganja majini. Miaka ishirini alikuwa ameyachimba mashimo yale, na sasa aliyatazama kana kwamba hajapata kuyaona.