Mwanamke Aliyetwanga Jumatano

Nilianza kwa kusikia kinu. Kabla sijaona mtu wala kivuli, nilisikia mchi ukidunda nyuma ya nyumba ya marehemu babu yangu, huko Mashewa, taratibu, kama mtu anayetwanga huku anawaza mambo mengine. Utasema nimetunga. Ningetunga, ningetunga vizuri zaidi: ningeweka usiku, ningeweka bundi. Lakini ilikuwa jioni, jua bado liko, na mimi, niliyetoka mjini, nimechoshwa na ukoo wangu mzima.

Na ilikuwa Jumatano. Kwetu Jumatano hakitwangwi kitu, hata kisamvu. Wazee husimulia kwamba enzi za vita, zumbe wetu, ndivyo tulivyomwita mtawala, alikufa wakati adui amepiga kambi bondeni. Msiba ukafichwa mpaka mrithi apatikane, watu wakaamriwa wanyamaze. Mwanamke mmoja akatwanga. Adui akasikia, akapanda, kijiji kikateketea. Tangu hapo siku hiyo ni ya nuksi.

Sasa sikiliza yaliyokuwa yananikera. Babu alifariki kabla ya masika. Arobaini ikapita, mrithi hajakalishwa. Baba Mkubwa anasema ni yeye kwa kuwa ndiye mkubwa. Baba Mdogo anasema ni yeye kwa kuwa ndiye aliyemuuguza mzee. Na kwetu, anayegongomea msumari kwenye nyumba ya marehemu huhesabiwa ameishika nyumba, kwa hiyo kila mmoja anamlinda mwenzake asiguse bati. Chini ya bati hilo lililooza analala nani? Bibi yangu, mjane, yuko eda, kifua kinambana, mvua inamnyeshea kitandani. Kitanda kilishahamishwa kila pembe ya chumba, na pembe zimekwisha.

Kila kikao kinaahirishwa. Jumatano ni nuksi. Jumanne inaelekea kwenye nuksi. Na Alhamisi, alisema Baba Mdogo bila hata kucheka, nuksi inakuwa haijakauka.

Ndiyo maana niliposikia kile kinu sikuogopa. Nilifurahi kidogo. Nikazunguka nyumba nikidhani ni jirani aliyesahau siku.

Nilimkuta mwanamke nisiyemjua, amejifunga kaniki kifuani, miguu peku. Sura yake haikutisha. Kilichonisimamisha ni majivu. Yalikuwa yanamdondokea kichwani na mabegani, mepesi, kutoka juu ambako hakukuwa na chochote, na yakifika chini huyaoni.

"Shikamoo," nilisema. Ningesema nini kingine?

"Marahaba. Wewe wa kwa nani?"

Nikamtaja babu.

"Ala, wale wale." Hakuacha kutwanga. "Leo wamegombana?"

"Tangu asubuhi."

"Hata siku ile ilikuwa tangu asubuhi. Mwili wa zumbe uko ndani, wanawe wawili wako mlangoni, huyu anasema vita ataongoza yeye, na huyu anasema yeye. Wanavyopayuka, unawasikia mpaka ng'ambo ya mto. Hakuna aliyekwenda kulinda njia, maana atakayekwenda ataachia kiti. Wanangu wana njaa. Nikatwanga mtama kidogo, wa uji. Halafu eti adui alisikia kinu."

Hakulia wala hakulaani mtu. Alisema kama mama aliyeulizwa jambo moja mara nyingi mno. Kisha akaninyooshea mchi.

"Hebu pokea, mkono umechoka. Au wanaume wa siku hizi hata kutwanga hamjui?"

Niamini, sikuwa nimerogwa. Nilikuwa na hasira tu. Nikapokea, nikatwanga kwa nguvu zote, kwa ajili ya lile bati, kwa ajili ya kile kifua, na chini ya mchi nikasikia nafaka ikivunjika.

Baba Mkubwa na Baba Mdogo, ambao hawajawahi kukubaliana hata saa ya kula, walikuja wakikimbia pamoja. Nilipogeuza macho, mwanamke hayupo. Mchi haupo. Kinu kilikuwa kitupu, na mdomoni mwa kinu buibui alikuwa ametanda utando mzima, haujakatika hata uzi. Viganja vyangu vilikuwa vimejaa malengelenge.

"Nani anatwanga?" Baba Mkubwa aliuliza.

"Mimi."

"Jumatano?"

"Huyu wa mjini ametuharibia," Baba Mdogo alisema. "Kikao cha Ijumaa ndiyo basi tena."

"Basi kabisa," kaka yake aliitikia. "Mpaka nuksi itakaswe. Mwezi ujao, tukijaliwa."

Naapa niliona nafuu kwenye nyuso zao. Miezi yote hiyo walikuwa wanatafuta wa kumtwika lawama, na sasa wamempata. Wakaingia sebuleni kupanga utakaso, na hapo hapo wakaanza kugombania nani atausimamia.

Bibi alikuwa amesikia yote kutoka chumbani. Aliniita.

"Mume wangu," alisema, maana ndivyo anavyonitania tangu nikiwa mdogo, "huyo mwanamke alikuwa na majivu?"

"Alikuwa nayo, Bibi."

"Basi kweli ni yeye. Huwa anakuja kunipa pole." Akaanza kukunja khanga zake. "Shehe alishaniambia, eda hainifungi kwenye nyumba inayoniangukia. Nilikuwa nawangoja wanangu waelewane. Nimengoja vya kutosha."

Leo anaishi Vugiri kwa mdogo wake, na kifua kimetulia. Wale wawili hawajaelewana mpaka ninapokusimulia haya. Mimi kila Jumatano naamka na malengelenge viganjani. Daktari wa Korogwe mjini alinipa mafuta, akaniuliza nalima wapi. Kwa hiyo nakuonya: mtu usiyemjua akikunyooshea mchi, mikono yako iache mgongoni. Na ukiambiwa siku fulani ina nuksi, usiogope haraka. Uliza kwanza siku hiyo akina nani walikuwa wanagombea kiti.

Jioni ile Bibi alipita sebuleni na furushi lake kichwani, mimi nyuma yake. Matone yalikuwa yameanza kupenya kwenye bati.

"Mama, unakwenda wapi," Baba Mdogo aliuliza, "na leo Jumatano?"

"Kaeni," Bibi aliwajibu. "Si mnaitaka nyumba?"

Akanitanguliza nje, akatoka, akauvuta mlango nyuma yake.