Kufuli Alizofungua Koki

Mtu akipoteza ufunguo kwenye ile ploti ya vyumba vya kupanga, hakuhangaika kutafuta fundi. Alimwita Koki, msichana wa miaka kumi na miwili, naye akaja na kijiwaya chake, akaichokonoa kufuli kidogo, ikaachia.

"Huyu ni Wathome mtupu!" Kweyu, jirani afanyaye kazi kiwandani, alipenda kumtania. "Fundi, ukikua, nyumba yangu uiruke, sawa?"

Watu walicheka, Koki akapewa mandazi. Kavinya, mama yake, alicheka nao shingo upande. Wathome, mumewe, yuko jela mwaka wa tatu kwa kuvunja maghala kule Industrial Area. Zamani alimpa binti yake kufuli kama wenzake wanavyowapa watoto wanasesere. "Sikiliza kwa vidole, si kwa masikio," alimwambia. Naye Kavinya, akipika kando, alimhesabia mtoto kwa sauti aone atafungua upesi kiasi gani. Walikuwa wakicheza tu, ama ndivyo alivyojiambia.

Jumamosi moja mchana alitoka mtaa wa Fedha, anakofulia watu nguo, akakuta umati mlangoni kwa Millicent, muuza samaki wanayepakana naye ukuta. Mtungi wa gesi na televisheni havipo. Kufuli inaning'inia, nzima, haina hata mkwaruzo. Hakuna aliyetaja jina la mtu. Walimtazama tu Kavinya, akapita katikati yao hadi chumbani kwake.

Ndani, Koki alikuwa ameinamia daftari la shule.

"Koki, ni wewe?"

"Si mimi, mama. Nilikuwa nimelala."

Hakupepesa macho. Alitabasamu kidogo, upande mmoja wa mdomo. Kavinya alishaliona tabasamu hilo kwa Wathome, kizimbani, kortini Makadara.

"Nani amekutuma?"

Mtoto alichora duara kwenye daftari, akalifuta. "Anko Phares. Yule aliyekuwa akifanya kazi na baba. Alisema kufungua si kuiba. Mwizi ni yule anayebeba."

Kavinya aliketi kitandani. Maneno hayo alikuwa akiyasikia kwa Wathome mezani pake, wakila, na hakuwahi kuyapinga.

Mlango ukagongwa.

"Mama Koki!" Ilikuwa sauti ya Kweyu, haina utani tena. "Mtoto yuko? Fungua tuongee. Vijana wa huko barabarani wameshasikia, wanaokota mawe, na mimi peke yangu siwawezi."

Koki alimsogelea mama yake, akamnong'oneza, "Waambie sipo. Si hivyo ndivyo ulivyokuwa unawaambia polisi, baba akiwa chini ya kitanda?"

Ni kweli. Mara tano aliwaambia, na mara tano waliondoka. Hata sasa maneno yalikuwa tayari mdomoni, laini, yamezoea njia. Akiyasema, huenda wataenda zao. Na Phares atarudi wiki ijayo.

"Yuko!" alipaza sauti, mpaka akajishtua mwenyewe. "Kweyu, aliyefungua ni yeye! Mlete Millicent, ninyi wawili tu, tumpeleke kituo cha polisi pamoja. Aliyemtuma nitamtaja mimi mwenyewe."

Koki alimtazama mama yake kama mtu asiyemjua, akarudi nyuma hatua moja, halafu ya pili, macho yakipima dirisha.

Kavinya alimkamata gauni kwa mkono mmoja. Kwa ule mwingine akavuta komeo.